Mizani ya Samaki Chini ya Gari

Siku ya kwanza doa lilikuwa dogo kama kisahani cha chai. Baada ya wiki likawa sinia. Hilux yetu, ambayo imezeeka kuliko dereva wake, hulala chini ya mwembe katika lupango letu la Katuba, Lubumbashi, na kila ilipoondoka asubuhi iliacha mchanga umelowa mafuta mahali palepale: katikati ya magurudumu ya nyuma, pale kardani, shafti inayopeleka nguvu nyuma, inapoingia kwenye ponti, yaani ekseli ya nyuma. Mama hakulalamikia gari. Alilalamikia harufu. "Lupango yote inanuka kiberiti," alisema. "Bantu batafikiri ni samaki yangu."

Lupango, kwa msomaji wa mbali, ni kiwanja cha nyumba pamoja na kila kilichomo ndani ya ua: jiko, kamba ya nguo, mwembe, kuku wa jirani. Mama huuza samaki wa mto Luapula, na Hilux ndiyo huwafuata Kasenga, kilomita 200 hivi za barabara ambayo kiangazi ni vumbi jekundu na wakati wa mvua ni uji wa rangi hiyohiyo. Gari likilala, biashara imelala.

Harufu yenyewe si ngeni kwa mtu wa hapa. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na kwa miongo mingi bomba refu la kiwanda, lile linalosimama kando ya mlima mweusi wa mabaki ya tanuri, lilipuliza moshi wa salfa juu ya mitaa iliyokuwa upande wa upepo. Mafuta ya difu, gia zilizomo ndani ya ponti, nayo yana salfa, tena kwa makusudi. Meno ya pinyoni, gia ndogo inayozungushwa na kardani, na ya kurona, gia kubwa inayozungushwa na pinyoni, hayaviringiki tu yanapokutana. Yanateleza moja juu ya jingine, chini ya mgandamizo unaoweza kuufukuza utando wa mafuta uliopo kati yao. Hapo ndipo salfa huingia kazini: joto likipanda, inashikana na uso wa chuma na kuuvisha ngozi nyembamba ili jino lisigande kwenye jino. Lakini salfa hiyohiyo huweza kula aloi za shaba, ndiyo maana mafuta ya difu hayamiminwi ovyo kwenye giaboksi yenye pete za aloi hizo. Nilipomweleza Mjomba hayo alicheka mpaka akakohoa. Mafuta yanayokula shaba, na pa kuvujia yamechagua Katanga!

Mjomba ni mdogo wake Mama, na ni ajisteri, yaani fundi wa kuchonga na kuunganisha vyuma mpaka viingiliane. Ufundi wa namna hiyo una mizizi mirefu hapa. Wasalesiani wa Don Bosco, watawa wa Kikatoliki, walifika mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya reli, na shule zao zimewafundisha vijana wa mji huu kushika randa, tupa na nyundo. Karakana za migodi na za reli zikawa chuo cha pili. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilipoanza mpango wa kuondoka kwa hiari, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi, na elimu nyingi ya karakana ikahamia chini ya miembe. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia, aliandika mwaka 1973 makala nzima juu ya neno kazi jinsi lilivyotumiwa na wafanyakazi wanaosema Kiswahili wa eneo hili. Angekuwa nasi Jumamosi tuliyoitengeneza Hilux angeongeza ukurasa. Jirani alichungulia uani akamwuliza Mjomba kama siku hizi ana kazi. Mjomba, mikono yote miwili ikiwa ndani ya ponti, akajibu kwamba hana.

Nilipomwita nilikuwa nimekwisha kununua spi mpya, pete ya kuzuia mafuta pale yalipokuwa yakivuja, nikidhani nimefanya la maana. Aliipokea, akaitia mfukoni bila kuitazama, akalala chali chini ya gari. Hakugusa panapovuja. Mkono wake ulipanda juu ya ponti, ukapapasa kama wa mtu anayetafuta funguo juu ya kabati, ukatulia. Akaomba spoki ya baiskeli.

Juu ya ponti kuna kitu kidogo kama kofia ya kidole gumba. Ni kipumulio. Gari likitembea, mafuta hupata moto, hewa iliyofungiwa ndani hutanuka, na lazima iwe na mahali pa kutokea. Kipumulio chetu kilikuwa kimezibwa na udongo wa Kasenga mpaka kimekuwa kama tofali. Hewa iliyokosa mlango ilikuwa inatafuta dirisha, na dirisha jepesi kuliko yote ni mdomo wa spi. Mjomba alichokonoa, udongo mkavu ukamwangukia usoni, akapenga.

"Njo hapa ugonjwa iko," alisema. "Spi inalia tu."

Ningebadilisha spi peke yake, mpya ingeanza kulia kabla ya Krismasi, nami ningemtukana mwenye duka. Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu kazi hii, ambayo mpaka saa ile niliihesabu miongoni mwa kazi chafu zisizo na hadithi.

Spi yenyewe ni kitu kidogo kilichobeba akili nyingi. Ni pete ya chuma iliyovikwa mpira, inajaa kiganja. Ya kwetu ilikuwa na namba tatu usoni: 38, 74 na 11, yaani kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, vyote kwa milimita. Upande wa ndani kuna mdomo, ndivyo mafundi wanavyouita, na nyuma ya mdomo springi nyembamba kama uzi imezunguka mduara mzima, ikiukumbatisha mdomo kwenye shingo ya flanji, chuma kinachounganisha kardani na pinyoni. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, gurudumu lenye mzingo wa mita 2.2 huzunguka mara 455 hivi kwa dakika. Na kwa difu yenye uwiano wa 4.1, shingo ile huzunguka zaidi ya mara 1,800 katika dakika hiyohiyo. Kutoka hapa hadi Kasenga ni saa kadhaa. Ungetegemea mpira uungue. Hauungui kwa sababu, gari likienda, haugusi chuma kitupu: unaelea juu ya utando wa mafuta wenye unene wa kama sehemu moja ya elfu ya milimita, na vijichembe vya uso wake, visivyoonekana kwa jicho, huyasukuma ndani mafuta yanayotaka kutoka. Nilikuwa nadhani spi ni kizibo. Kumbe ni mdomo unaomeza mate yake mwenyewe. Ndiyo maana spi inayoingizwa kavu hufa katika kilomita za mwanzo. Haikuwa na mate.

Zamani mdomo huo ulikuwa wa ngozi. Freudenberg ya Weinheim, Ujerumani, ilikuwa kampuni ya watengeneza ngozi. Mwaka 1929 ikaanza kutengeneza spi za ngozi kwa ajili ya magari, na kufika mwaka 1936 ngozi ilikuwa inaupisha mpira wa kiwandani. Nafurahi kwamba ni wa kiwandani. Katika nchi hii mpira una kaburi lake. Dunlop alipotengeneza tairi la upepo mwaka 1888, dunia ikawa na kiu ya utomvu, na katika Kongo ya Mfalme Leopold II kiu hiyo ilizimwa kwa mijeledi na kwa mikono iliyokatwa. Siwezi kushika pete ya mpira bila jambo hilo kunipitia kichwani. Linapita, kisha natafuta kitambaa cha kufutia shingo ya flanji.

Hapa niombe radhi kwa maneno. Fundi wa Dar es Salaam angesoma ukurasa huu akidhani naumwa. Yeye ana sili, propela na beringi. Sisi tuna spi, kardani na rulema, kwa sababu vitabu vyetu vya ufundi vilikuja kwa Kifaransa na vyake kwa Kiingereza. Nenda Kasumbalesa, mpakani, ambako malori yanapanga foleni kuingia na kutoka Zambia, utasikia lugha hizo mbili zikibishana chini ya lori moja, na chuma kinachobishaniwa kinavuja vilevile. Nimewahi kuona dereva wa Mbeya na fundi wa kwetu wakitafutana kwa maneno dakika kumi nzima, mpaka mmoja alipochora kwa kidole vumbini pete yenye mdomo. Wote wawili wakasema "aaa!" kwa Kiswahili kimoja.

Kabla sijafika kwenye nati ya pinyoni, nina ugomvi na Kifungu cha 15.

Kila Mkongomani anakijua. Hakimo katika katiba inayotumika, lakini kinanukuliwa kuliko vifungu vyote vilivyomo: jisaidie mwenyewe, tafuta njia. Wageni hukipenda sana. Huandika juu ya mafundi wetu kana kwamba ni wachawi, watu wanaofunga injini kwa kamba ya viatu na kuziba tangi kwa sabuni. Ni kweli sabuni huziba tangi. Nimeiona ikifika Likasi. Lakini sifa hiyo ina sumu ndani yake. Inamsifu fundi wa Kongo kwa kukosa vifaa, na inamnyima sifa ya kujua. Anayebahatisha na kufaulu anaitwa hodari, na anayepima haonekani, kwa kuwa hadithi yake haichekeshi. Spi ya pinyoni ni mahali ambapo Kifungu cha 15 hufa. Huwezi kuiziba kwa sabuni. Ukiifunga kwa makadirio, gari litaondoka vizuri, litapita Ruashi vizuri, na halafu, mbali na kijiji chochote, ponti itaanza kuimba.

Tulianza Jumamosi alfajiri. Ilikuwa Julai, na mtu asiyeijua Julai ya Lubumbashi hawezi kuamini kwamba Kongo kuna baridi. Mji uko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na kle za chuma, yaani spana, zilitukata vidole. Kuinua gari, kuweka vigogo vya mti mgumu chini ya ponti (si matofali, tofali hupasuka bila kuaga), kutoa magurudumu na ngoma za breki, kumwaga mafuta: hayo msomaji anaweza kuyaona mwenyewe. Mimi nilishika kle, nikaelekea kwenye bolti nne za kardani.

"Alama," Mjomba alisema.

Nikasimama. Alitoa kichupa cha rangi nyeupe, ya kucha, najua alikokitoa na mwenyewe hakuulizwa, akapaka mstari mmoja uliovuka kutoka kwenye kardani mpaka kwenye flanji. Kardani imesawazishwa ikiwa mahali pake. Ikirudishwa imegeuzwa huweza kuleta mtetemeko ambao utautafuta mwaka mzima kwenye tairi. Kisha bolti zikatoka, kardani ikafungwa kwa waya pembeni isije ikaning'inia kwa uzito wake. Akapaka alama ya pili, kwenye nati na kwenye ncha ya pinyoni. Akahesabu nyuzi za skrubu zilizochungulia nje ya nati, akaandika kwa chaki kwenye ubavu wa gari: tatu na nusu. Alikuwa bado hajafungua kitu chochote cha maana. Nilimwambia hivyo. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza kwa nini shamba linalimwa kabla ya mahindi kuota.

Kisha akamwita Mama.

"Yaya, niazime mizani." Ndivyo amwitavyo dada yake mkubwa.

Mama ana mizani mbili. Moja ya sahani, ya sokoni, na moja ndogo ya ndoano, ya kilo tano, ya kupimia samaki wadogo. Aliyoitaka Mjomba ni hiyo ya ndoano. Mama alikataa. Mizani ni bukari yake, yaani ugali wake. Ikiingia mafuta, mteja ataiona chafu na atadai punguzo. Walibishana kwa ile sauti ya chini ya ndugu waliobishana tangu utotoni, na mwishowe mizani ikaja imevikwa mfuko wa plastiki, ndoano peke yake ikichungulia.

Mjomba alizungusha uzi wa kushonea viatu kwenye flanji, mizunguko mitano, akafunga ncha yake kwenye ndoano, akavuta polepole, kwa mwendo mmoja. Flanji ikazunguka. Akanitaka nisome, si pale inapoanza kuzunguka, kwa maana kuanza siku zote ni kuzito zaidi, bali inapokuwa inakwenda. Kilo moja na gramu 200. Tukarudia mara tatu. Namba ikabaki ileile, ikaandikwa chini ya tatu na nusu.

Ndani ya pua ya difu pinyoni imebebwa na rulema mbili, na kati yao kuna kola, bomba fupi la chuma chembamba lenye tumbo. Kiwandani nati hukazwa mpaka tumbo la kola linajikunja, na kukunjika huko ndiko kunakoziweka rulema katika mbano mdogo, wa kutosha tu pinyoni isicheze. Ukilegeza, pinyoni itapiga hatua mbele na nyuma kila unapokanyaga na kuachia mafuta, na meno yake yatalia. Ukikaza kupita kiasi, rulema zitachemka. Kola hukunjika upande mmoja tu, haikunjuki. Aliyeikaza mno hana njia ya kurudi ila kutoa difu nzima, kuibomoa, na kununua kola mpya. Mbano huo hauonekani kwa jicho wala hausikiki sikioni, lakini una uzito, na uzi uliozungushwa kwenye flanji unaweza kuubeba mpaka kwenye ndoano. Flanji yetu ina nusu kipenyo cha sentimita tano hivi. Kilo moja na gramu 200 kwenye uzi wa umbali huo ni kama nusu newton mita na kidogo juu yake, na hivyo ndivyo vitabu vinavyotaka kwa rulema zilizokwisha kutumika katika difu za ukubwa huu. Vitabu vinataja kle ndogo yenye saa ya kupimia, ambayo Mjomba hana. Anacho kipimo. Kifaa kimeazimwa sokoni, lakini namba haikuazimwa popote.

Hapo ndipo wageni wanapokosea. Wakiona mizani ya samaki chini ya gari watapiga picha, na chini ya picha wataandika Kifungu cha 15. Sivyo hata kidogo.

Nati ilitoka kwa shida. Ukingo wake umepigwa ukazama kwenye mfereji wa pinyoni ili isilegee yenyewe, na lazima uinuliwe kwanza kwa patasi. Flanji ilizuiwa kwa chuma bapa kirefu kilichofungwa kwa bolti mbili, ncha yake ikiegemea ardhini, na kle ikaongezewa bomba la mita moja. Ilipolegea ilitoa mlio kama mfupa. Flanji ikagoma kutoka, na kijana wa jirani, aliyekuwa ametutazama kwa saa nzima bila kuombwa chochote, akaona zamu yake imefika, akaleta nyundo.

"Weka chini," Mjomba alisema bila kugeuka. "Rulema iko na masikio."

Maana yake ni kwamba kila pigo kwenye ncha ya pinyoni hupita moja kwa moja mpaka kwenye njia laini za rulema na kuacha makovu madogo ambayo yatakuja kusemwa baadaye, kwa sauti, barabarani. Tulisubiri kifaa cha kuvutia, chenye kucha tatu, kiletwe kutoka lupango la tatu. Kijana aliitazama nyundo yake kama mtu aliyealikwa harusini akanyimwa chakula.

Spi ya zamani ilipotoka, mdomo wake ulikuwa mgumu kama ukucha. Lakini Mjomba alishughulika na shingo ya flanji. Aliifuta, akaisugua kwa msasa laini kwa kuizungusha, kamwe si kwa kwenda juu na chini, kisha akapitisha ukucha wake juu yake akiwa amefumba macho. Ukucha ulisita mahali. Mdomo wa zamani ulikuwa umechimba mfereji, wa kina kidogo sana, lakini mfereji. Mpira kuchimba chuma! Ni vumbi lililonaswa kati yao ndilo linalofanya kazi hiyo, kama mchanga unavyofanya kazi ya jiwe la kunolea. Mfereji ungekuwa wa kina tungehitaji flanji nyingine au mkono mwembamba wa chuma wa kuivika shingo. Wetu ulisamehewa. Mjomba aliamua tu kwamba spi mpya isimame milimita moja nje kidogo ya ile ya zamani, ili mdomo ukute chuma kizima. "Mudomo mupya," alisema, "aikule kwenye sahani ya marehemu."

Kuiingiza alinipa mimi. Nilipaka grisi mdomoni, nikaigeuza, nikaiweka. Mjomba hakusema kitu. Alitazama tu. Nikaitazama nami, na nikaona nimeiweka springi upande wa kwetu badala ya upande wa mafuta. Nikaigeuza. Hakuna aliyezungumza juu ya jambo hilo, wala leo halizungumzwi. Nikaigonga kwa kipande cha bomba kilichokatwa sawasawa, pigo huku, pigo kule, nikizunguka, mpaka ikafika pale alipopiga alama.

Nati ilikuwa mpya, kama vitabu vinavyoagiza, na hapo kuna mtego ambao mafundi wengi huangukia. Alama ya rangi ilikuwa kwenye nati ya zamani. Nati mpya haina historia. Nyuzi zake zinaanzia kwingine. Wapo wanaorudisha nati ya zamani mpaka rangi ikutane na rangi, wanaongeza kidogo, wanakwenda kula. Mara nyingi hufaulu. Mjomba haipendi njia hiyo, nami nimekuja kumwunga mkono: alama hukufikisha mtaani, haikufikishi mlangoni. Tulikaza mpaka nyuzi tatu zikachungulia, kisha uzi ukarudi kwenye flanji. Gramu 800. Akasogeza kle kiasi ambacho mimi nisingekiita kusogeza. Gramu 900. Tena. Kilo moja. Kila mara alizungusha pinyoni mizunguko kadhaa ili rulema zikae, kisha akavuta. Kilo na 200. Tungeweza kuishia hapo, namba ya chaki imefikiwa, lakini spi mpya hukumbatia kwa nguvu kuliko iliyochoka, na kukumbatia huko nako kunapimwa. Akasogeza kle mara moja zaidi. Mizani ikasoma kilo moja na 400. Akatoa kle, akaiweka mbali, nyuma yake, mahali ambapo asingeifikia bila kusimama.

Nimewaona watu wakimaliza kanisa, nimewaona wakimaliza mtihani. Sijaona ishara ya kumaliza iliyo wazi kuliko hiyo.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Ukingo wa nati ukapigwa ndani ya mfereji. Kardani ikarudi, rangi nyeupe kwa rangi nyeupe. Mafuta mapya, mpaka yakaanza kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Kipumulio kikatolewa na mahali pake pakaungwa bomba la mpira lililopandishwa mpaka chini ya karoseri, juu kuliko tope la Kasenga linavyoweza kufika, au ndivyo tunavyoomba. Tukaendesha kuelekea Kipushi, tukageuza, tukarudi. Mjomba aliweka kiganja kwenye pua ya difu, akakiacha hapo akihesabu kimoyomoyo. Ilikuwa na joto la mwili wa mtoto mwenye homa ndogo. Akaridhika. Mama alimletea bukari, sombe ya majani ya muhogo na kichwa cha samaki, kipande cha heshima, akala akiwa amekaa juu ya tairi.

Ugumu wa kuisifu kazi hii ni kwamba ikifanywa vizuri hakuna kinachotokea. Aliyetengeneza injini watu humsikia. Aliyepaka rangi watu humwona. Aliyeweka spi ya pinyoni anaacha nyuma yake ardhi kavu, na nani husimama kuitazama ardhi kavu? Usiku ule nilitandika katoni chini ya ponti. Asubuhi nilitoka na tochi kabla ya jua, nikapiga magoti. Kulikuwa na jani moja la mwembe na alama za miguu ya kuku.

Jumatatu nilimpeleka Mama sokoni. Mizani ya ndoano ilikuwa imeoshwa kwa sabuni mara mbili, na kwa majivu mara moja, lakini alipoitundika aliinusa, akanitazama, akainusa tena. Mteja wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye kikapu cha rangi mbili. Mama akatunga samaki wanne kwenye ndoano, sindano ikatetemeka, ikasimama kwenye kilo moja na kitu. Mwanamke akainama karibu, akakunja pua.

"Mama, ile mizani yako iko ya kweli?"

"Uliza ile gari," Mama alisema, akaendelea kufunga.